Maumivu ya mifupa baada ya kutibiwa tezi dume: mambo ya kuzingatia kabla ya kumwona daktari

Mzee aliyetibiwa saratani ya tezi dume akianza kulalamika kiuno, nyumba nzima huwaza jambo moja: imesambaa. Hofu hiyo ina msingi, maana saratani hii hukimbilia uti wa mgongo, nyonga na mbavu. Lakini matibabu nayo hudhoofisha mifupa. Sindano za homoni, au kuondolewa korodani, hushusha testosteroni na mifupa hupungua uimara. Mionzi ya nyonga huweza kuleta nyufa hata kwa mtu ambaye hakuanguka.

Kwa hiyo bebeni kumbukumbu. Majibu ya PSA (kipimo cha damu cha kufuatilia tezi dume) yaletwe yote na tarehe zake, si la mwisho peke yake. PSA inayopanda mfululizo huongeza shaka ya saratani. Iliyotulia chini hupunguza shaka hiyo, ingawa haiifuti, kwani wapo wachache ambao saratani husambaa PSA ikiwa chini. Andikeni mionzi ilipigwa wapi na lini, na dawa zote anazotumia, prednisolone ikiwemo, kwa sababu nayo hudhoofisha mifupa. Kama alijikwaa bafuni akanyamaza, muulizeni taratibu. Wazee wengi huficha.

Jambo linalowachanganya wengi ni skani ya mifupa. Dawa inayodungwa kwa ajili ya picha hiyo hukusanyika popote mfupa unapojijenga upya, hivyo ufa unaopona na saratani vyote huonekana kama doa. Madoa yaliyofuatana kwa mstari kwenye mbavu jirani mara nyingi ni ya kuumia. Yaliyotapakaa bila mpangilio yanatia shaka zaidi. Ndiyo maana naona ni haki ya mgonjwa kuuliza, kabla ya kuanzishiwa dawa mpya za saratani: je, picha ya CT au MRI, zinazoonyesha mfupa kwa undani zaidi, itatusaidia kutofautisha? Na picha za zamani ziende zenyewe, si ripoti tu.

Wakati mnasubiri, asikandwe wala kuchuliwa mgongo. Miguu ikilegea au kufa ganzi, au akishindwa kukojoa au kuzuia choo, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, uti wa mgongo huenda umebanwa.

Ikithibitika ni ufa, ulizeni kuhusu kupima uimara wa mifupa, vitamini D na kalsiamu. Akiandikiwa dawa za kulinda mifupa, zoledronic acid au denosumab, apimwe meno kwanza, kwa kuwa dawa hizo huweza kuharibu mfupa wa taya, hasa jino liking'olewa baadaye.