Unaenda osteopathi mara ya kwanza? Soma hii kabla hujalala kitandani

Mgongo ukikaza unaweza kumkubali yeyote anayesema anajua kuchua, na hapo ndo watu wanaumizwa, kwahiyo tulia kwanza.

Osteopathi ni tiba ya mikono, iliyoanzishwa na daktari wa Marekani anaitwa Andrew Taylor Still, shule ya kwanza ikafunguliwa 1892 huko Kirksville, Missouri. Mtaalamu anachua misuli, anavuta na kuzungusha viungo taratibu, saa nyingine anasukuma haraka mpaka unasikia ko! Ule mlio sio mfupa uliorudi mahali pake, ni gesi tu kwenye maji ya ndani ya kiungo, so mlio usiposikika usidhani umeibiwa. Inaweza kukusaidia hasa kiuno kikiuma, ila mtu akikwambia atakutibu kisukari au kansa kwa mikono yake vaa viatu uondoke.

Sasa jikague, na hapa naomba usiruke. Kama umepata ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, mkojo umegoma au unatoka wenyewe, miguu inaishiwa nguvu, hiyo ni emergensi, nenda hospitali leo leo sio kesho. Umeanguka vibaya, una homa, unakonda bila sababu au uliwahi kuugua kansa, anza kwa daktari. Mifupa yako ni dhaifu, una mimba au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Sema kabla hajakugusa, hata asipouliza.

Muulize kasomea wapi na kwa muda gani, usione aibu, mwili ni wako. Uingereza huruhusiwi kisheria kujiita mtaalamu wa osteopathi bila kusajiliwa, lakini nchi nyingi hazina sheria hiyo kabisa. Kipimo kizuri ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2010, unaotaka mtu aliyeanza bila elimu ya afya asome kama saa 4,200, na angalau 1,000 kati ya hizo awe anahudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Aliyesoma wikiendi mbili atajibu kwa kuzunguka zunguka utamjua tu.

Ukifika, mzuri atakuuliza maswali mengi, atakuangalia unavyosimama na kuinama, ndo aanze, na atakwambia anachotaka kufanya kabla hajafanya. Ikiuma sema basi, naye aache hapohapo. Shingo mimi nashauri ukatae kabisa ile ya kuizungusha ghafla, ni nadra lakini mshipa wa damu unaweza kuchanika ukapata kiharusi, na mbinu za taratibu zipo, mwombe hizo.

Baadaye mwili unaweza kuuma uma siku moja au mbili, ni kawaida, ikizidi hapo au ganzi ikaanza rudi kwa daktari. Usijilaze kitandani siku nzima, tembea kidogo kidogo.

Na nyumbani jaribu hii: lala chali, kunja magoti miguu ikanyage chini, vuta pumzi mpaka tumbo lipande, ukiitoa peleka magoti upande mmoja polepole, ukivuta tena yarudishe katikati, halafu upande wa pili. Mara kumi kumi asubuhi na jioni, usilazimishe kufika chini, ishia pale mwili unapokuruhusu.