Jinsi ya Kuomba Maabara Ipime Metali Nzito Kwenye Virutubisho, Nairobi

Majibu mengi ya vipimo vya virutubisho (vidonge na unga wa kuongezea lishe) huharibikia kwenye fomu ya maombi, mashine haijawashwa bado. Ukiandika tu "pima metali nzito", utapewa karatasi yenye neno "haikuonekana", na hutajua walitafuta hadi kiasi gani.

Anza na sampuli. Nunua chupa tatu za kirutubisho ambazo hazijafunguliwa, zote za nambari moja ya bechi: ya kupimwa, ya maabara kuhifadhi, na yako ya ushahidi. Dai risiti. Chupa iliyofunguliwa ni hasara tupu, maana muuzaji atasema uchafu uliingilia jikoni kwako. Usihamishie kirutubisho kwenye mkebe mwingine wala usiiache juani; zebaki hupotea kwa joto.

KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina maabara katika makao yake makuu, Popo Road, South C. Za kibinafsi pia zipo. Kokote uendako, omba cheti cha ithibati cha ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, pamoja na orodha yake ya vipimo. Wengi hutazama cheti na kuisahau orodha, ilhali hiyo ndiyo inayosema kama wameidhinishwa kupima risasi (lead) kwenye virutubisho au kwenye maji tu.

Kwenye fomu andika jina la bidhaa, mtengenezaji, bechi, tarehe ya mwisho wa matumizi na kiasi cha kumeza kwa siku. Taja metali nne kwa majina: risasi, kadimiamu, zebaki na aseniki. Omba mashine ya ICP-MS, inayopima metali hata zikiwa kidogo sana, majibu kwa miligramu kwa kilo, na kila metali iandikiwe kiwango cha chini kabisa wanachoweza kupima. Kikomo cha zebaki kwenye virutubisho huko Ulaya ni miligramu 0.1 kwa kilo, kwa hiyo maabara isiyoweza kushuka chini ya 0.5 haikufai. Kama kuna mwani wa baharini, omba aseniki isokaboni, ile yenye sumu kali, ipimwe peke yake. Mwani hubeba aseniki nyingi ya aina isiyo na sumu kali, na jumla yake itakutisha bure.

Pata bei kwa maandishi kabla ya kulipa. Huduma za serikali hulipiwa kupitia eCitizen, paybill 222222. Anayetaka utume pesa kwenye simu yake, mkatalie. Ukikabidhi sampuli, usiondoke bila nambari yake na muhuri wa tarehe.

Majibu yakija, chukua kalamu. Tuseme unga wa mlonge wa vidonge umeonyesha risasi miligramu 2 kwa kilo, sawa na mikrogramu 2 kwa kila gramu. Ulaya huruhusu 3, kwa hiyo umepita. Lakini lebo inasema vidonge sita vya gramu 0.5 kwa siku, yaani gramu 3. Zidisha 2 kwa 3: mikrogramu 6 kila siku, na kikomo cha USP, shirika la Marekani la viwango vya dawa na virutubisho, ni 5 kwa siku. Sisi tungeuacha, hasa kwa mama mjamzito au mtoto.

Kiasi kikizidi, peleka malalamiko kwa Bodi ya Famasia na Sumu (Pharmacy and Poisons Board), barabara ya Lenana, au KEBS ikiwa bidhaa ina alama yake ya ubora. Ambatisha nakala ya ripoti, risiti na picha za lebo pande zote. Nambari ya bechi isomeke vizuri. Bila hiyo hawajui waondoe mzigo upi madukani.