Somo: Umbali na muda wa ndege, mfano London Heathrow hadi Los Angeles

Wakuu, swali la ndege inakwenda umbali gani na kwa muda gani nimelijibu mara nyingi mno. Leo naliweka lote mahali pamoja.

1. Tafuta umbali wa anga kati ya viwanja, siyo kati ya miji. LHR (Heathrow) hadi LAX (Los Angeles) ni kama kilomita 8,780.

2. Angalia kipimo. Maili 4,741 za baharini, wanazotumia marubani, ni sawa na maili 5,456 za kawaida.

3. Gawa kwa mwendo. Kwa kilomita 900 kwa saa unapata saa 9 na dakika 45 hivi. Ongeza nusu saa au zaidi ya kupaa, kushuka na kutembea ardhini, halafu upepo. Kwenda ni kama saa 11. Kurudi, saa 10 na ushee.

4. Geuza saa za tiketi. Hapa niliharibu, someni taratibu. Saa ya kuondoka ni ya kule unakotoka, ya kufika ni ya kule uendako. Nilikuwa nimekariri kwamba London iko mbele kwa saa 8. Machi moja nikamkokotolea mgeni: anaondoka LAX 17:00, safari saa 10 na dakika 20, jumlisha 8, anafika 11:20 kesho yake. Mwenyeji nikampa muda huo. Ndege ikafika 10:20; mgeni akasimama saa nzima na mizigo, laini yake haishiki mtandao. Bado inaniuma. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho. Katikati hapo tofauti ni saa 7! Hutokea tena kati ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba na ya kwanza ya Novemba. Msikariri. Geuzeni saa zote mbili ziwe UTC (saa moja ya pamoja ya dunia nzima) kwa tarehe ya safari, ndipo mtoe. Na 17:00 ni saa 11 jioni, siyo saa 5.

MASWALI

– Tiketi yangu ni 15:00 hadi 18:15. Kumbe ni saa 3 na robo tu?
Hapana. Hatua ya 4.

– Mambo mengi mkuu, nipe jibu tu.
Tarehe hujaitaja. Bila tarehe sina jibu.

– Kwa nini kurudi ni haraka, na umbali ni uleule?
Swali zuri sana. Kwenye kimo cha kilomita 10 hivi kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi huwa mkali zaidi. Ukirudi London unakusukuma mgongoni, ukienda unakupiga usoni. Ndiyo maana marubani hawafuati mstari mfupi kabisa kila siku. Huchagua njia kwa upepo wa siku hiyo.

– Kwenye skrini niliona tunapita Greenland. Tulizunguka?
Hamkuzunguka. Dunia ni mviringo. Chukua tufe, vuta uzi kati ya viwanja hivyo, utapita juu ya sehemu ya kusini ya Greenland.

– Nikitaka kuiona nikae upande gani?
Kwenda LAX mchana, kaa kulia. Jua litakuwa kushoto, halitakuumiza macho. Epuka siti ya juu ya bawa.