Kulinganisha latitudo za miji ya dunia: jinsi tulivyoirudisha Kisumu kutoka Vihiga

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinijia na simu mkononi. "Mjomba, mbona ramani inaiweka Kisumu kule kwa nyanya?" Nyanya yake anakaa Vihiga, kaunti ya Kenya iliyo kaskazini ya Kisumu, si mbali na mji wa Mbale wa huko. Nikatazama, na kweli pini nyekundu ilikuwa imesimama huko juu milimani, kilomita ishirini na kitu kutoka mjini. Alikuwa na kazi ya shule ya kulinganisha latitudo ya Kisumu (yaani iko kaskazini au kusini ya Ikweta kwa kiasi gani) na ya miji mingine ya dunia, na kosa moja dogo lilikuwa limeharibu hesabu zote. Nafundisha jiografia, na kosa hilo nimelisahihisha mara nyingi mno. Hivi ndivyo tulivyolimaliza.

Hatua ya 1: Chagua miji

Sita inatosha. Changanya ya kaskazini na ya kusini ya Ikweta.

Hatua ya 2: Tafuta latitudo

Mimi huanza na atlasi ya karatasi, na sitaacha. Atlasi inakuonyesha mstari wenyewe ukikata nchi baada ya nchi. Simu inakupa namba tu. Ukitumia simu, shikilia kidole juu ya mji hadi namba mbili zitokee. Ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo. Kisumu utaona karibu −0.1, 34.75. Ukizipindua unatua Algeria. Nakuru ukiipindua inaangukia kwenye bahari ya Mediterania.

Hatua ya 3: Weka alama, kisha geuza dakika

Hapa usiwe na haraka hata kidogo.

Nilikuwa nimemsomea mtoto namba kutoka kwenye atlasi, yeye akiandika. Nikisema "kaskazini" anaandika K. Nikisema "kusini" anaandika K. Daftari lilikuwa na K tupu kutoka juu hadi chini! Kisumu iliyo dakika 6 kusini (dakika hapa ni sehemu za digrii, si za saa) ikawa dakika 6 kaskazini, na hapo ndipo pini ilipohamia Vihiga. "Kas" na "Kus" nazo siziamini, maana herufi moja ikiandikwa vibaya umepotea. Andika + kwa kaskazini na − kwa kusini, tena uiandike kabla ya namba yenyewe.

Ubaya wa kosa hili kwetu sisi wa karibu na Ikweta ni kwamba linajificha. Mtu wa Cape Town akisahau alama ya kutoa, mji wake unaruka hadi upande mwingine wa dunia na anashtuka papo hapo. Kisumu inasogea tu hadi kaunti ya jirani. Nakuru inasogea hadi karibu na Ziwa Bogoria. Ramani inaonekana sawa, bado ni Kenya, na unaendelea kukokotoa juu ya kosa.

La pili ni dakika. Digrii moja ina dakika 60, si 100. London iko digrii 51 na dakika 30 kaskazini, yaani +51.5. Ukiandika 51.30 umeisogeza mji kilomita 22 kusini. Gawanya dakika kwa 60, kila mara, hata kama unaona ni wazi. Nairobi: digrii 1 na dakika 17 kusini. 17 ÷ 60 ni 0.28, kwa hiyo −1.28. Singapore ni digrii 1 na dakika 17 kaskazini, +1.28. Miji hiyo miwili iko kama mtu na sura yake kwenye kioo, Ikweta ikiwa ndiyo kioo. Bila alama, mtoto angeandika kwamba ziko kwenye mstari mmoja.

Na usichanganye mitindo. Ama yote desimali, ama yote digrii na dakika. Mimi nataka desimali, kwa sababu kalkuleta haijui dakika.

Hatua ya 4: Toa, kisha zidisha kwa 111

Alama ikishakuonyesha upande, hesabu kwa namba zenyewe bila alama. Miji ikiwa upande mmoja, toa ndogo kwenye kubwa. Ikiwa pande mbili, jumlisha. Kakamega ni +0.28 na Nakuru ni −0.30, jumla 0.58. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo Kakamega imeipita Nakuru kwa kilomita 64 hivi kwenda kaskazini. Huo si umbali wa barabara.

Hatua ya 5: Soma jibu

Quito, Ecuador, ni −0.22. Tofauti na Kisumu ni kilomita 13 tu za latitudo! Mpwa wangu akauliza kama huko pia kuna joto kama la kwetu Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Hapana. Quito iko mita 2,850 hivi juu ya bahari, Kisumu kama 1,130. Latitudo inakwambia urefu wa mchana na njia ya jua. Baridi ya mlima haimo humo. Kwa hiyo kando ya kila mji tuliongeza safu ya mwinuko.

Hatua ya 6: Jaribu kwa miguu

Jumamosi tutapanda matatu ya Busia, tushuke Maseno penye kibao cha Ikweta. Kisha tutatembea polepole kuelekea Luanda, yeye akiwa ameshika simu, mpaka alama ya kutoa ipotee mbele ya namba.