Jinsi ya kumfuata Mtaiwani mmoja mwenye majina matatu

Mwanafunzi wa historia wa Kampala au Gulu anayesoma kuhusu Taiwan chini ya Japani (1895–1945) hukwama mapema kwenye majina. Attun Palalin, mtu wa kabila la Amis la wenyeji wa asili wa Taiwan, alipigana katika jeshi la Japani akiitwa Nakamura Teruo. Alipopatikana porini Morotai, Indonesia, Desemba 1974 na kurudishwa kwao, alikuta serikali ya huko imeshamwandika Lee Kuang-hui.

Anza na mwaka, jina litafuata. Hati za Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme. Kupata mwaka wetu, Meiji ongeza 1867, Taisho 1911, Showa 1925. Kalenda ya Jamhuri ya China, iliyoingia Taiwan mwaka 1945 na inatumika mpaka leo, huongezwa 1911. Hapo ndipo wengi huanguka: "mwaka wa 20" katika hati ya Mjapani ya enzi ya Showa ni 1945, katika hati ya baada ya vita ni 1931. Ukiona umri wa mtu umeruka miaka 14, usitafute mtu wa pili, rudia hesabu.

Kisha shika herufi ya Kichina, si matamshi. Kwa Wahan, yaani Wataiwani wenye asili ya China, jina la ukoo hutangulia, mara nyingi herufi moja, na jina la mtu hufuata, kwa kawaida herufi mbili. Ukoo wa 林 ni Lin kwa Kimandarini, Lim kwa Kihokkien, na Mjapani huweza kuusoma Rin au Hayashi. Ukinakili herufi za Kilatini peke yake, utakuwa na familia nne badala ya moja. Katika rejesta za kikoloni wanawake waliwekewa 氏 kati ya ukoo na jina. Hiyo ni alama ya ukoo wa kuzaliwa. Usiihesabu kuwa sehemu ya jina.

Ubadilishaji wa majina kuwa ya Kijapani ulianza Februari 1940. Usikopi maelezo ya Korea, koloni jingine la Japani, maana utaratibu ulikuwa tofauti. Taiwan, mkuu wa kaya aliomba kibali, na kaya ilipaswa kuwa inazungumza Kijapani kila siku. Majina ya wafalme na ya watu mashuhuri wa historia yalikatazwa, pia yale yaliyokumbusha asili ya ukoo kule China. Lee Teng-hui, rais wa 1988–2000, aliwahi kuwa Iwasato Masao. Ila msiufanye mwaka 1940 kuwa ukuta: Dakis Nobin, mtu wa kabila la Seediq aliyefariki katika maasi ya Wushe dhidi ya Wajapani mwaka 1930, alikuwa polisi aitwaye Hanaoka Ichiro. Na msimpime mtu uaminifu kwa jina lake. Walioomba walikuwa na mgao wa chakula na shule za watoto za kufikiria.

Kwa wenyeji wa asili, tahadhari zaidi. Baada ya 1945 maafisa waliwagawia majina ya Kichina, na ndugu wa damu wakajikuta na koo tofauti. Kwa hiyo ukoo kutofanana hauondoi undugu. Sheria iliwaruhusu kurudisha majina yao mwaka 1995, na tangu 2024 wanaweza kuyaandika kwa herufi za Kilatini peke yake. Kwa Waseediq, jina la pili kwa kawaida ni la mzazi, hivyo usilijaze kwenye kisanduku cha "jina la ukoo".

Watao, wenyeji wa kisiwa cha Lanyu huko Taiwan, hubadili jina bila serikali kuwagusa. Asiye na mtoto ni Si fulani. Akizaa, baba huwa Syaman na mama Sinan, likifuatwa na jina la mtoto wa kwanza. Akipata mjukuu, Syapen. Majina ya wazazi ya Buganda, Ssalongo na Nalongo, husubiri mapacha. Mtao anatosheka na kifungua mimba. Rekodi jina la mtoto huyo kabla ya lolote, ndilo uzi wa kuunganisha hati.

Katika daftari lako, kila jina lipewe mstari wake: herufi, matamshi, mwaka uliogeuzwa, na nani aliandika. Rejesta zenyewe ziko ofisi za usajili wa kaya na hutolewa kwa wazawa wa familia, kwa hiyo mtafiti wa nje aanze na magazeti, hasa Taiwan Nichinichi Shinpo, lililotoka kuanzia 1898 hadi 1944.