Namna ya Kufunga Spika na Amplifaya Katika Chumba Kipya cha Kusikilizia Muziki

Mwongozo huu unahusu mfumo wa spika mbili, amplifaya moja na chanzo kimoja au viwili vya muziki, ndani ya chumba cha aina tunayoijenga sana Dar es Salaam: kuta za tofali za simenti zilizopigwa lipu, sakafu ya vigae, dari ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu. Vipimo nitakavyovitumia ni vya chumba changu, chenye urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.3. Nimewafungia watu spika kwa miaka mingi, lakini chumba hiki ndicho kilichonisumbua kuliko vyote, kwa kuwa niliingiza vyombo kabla ya kukisikiliza chumba chenyewe.

Hatua ya 1: Sikiliza chumba kikiwa kitupu

Simama katikati ya chumba, piga kofi moja kali, kisha nyamaza. Ukisikia mlio mwembamba unaofuatia, kama wa bati lililogongwa kwa kijiko, basi sauti inarukaruka kati ya kuta mbili zinazotazamana, na mlio huo utajibandika kwenye kila herufi "s" ya mwimbaji na kila uzi wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu. Dawa yake ni zulia zito mbele ya kiti, pazia nene lenye mikunjo mingi, kochi la kitambaa badala ya lile la ngozi bandia, na rafu ya vitabu ukutani. Mkeka wa ukindu unapendeza macho, lakini ni mwembamba mno kwa kazi hii. Trei za mayai, ambazo vijana wengi huzigandisha kwenye kuta za studio zao, hupunguza kidogo sauti nyembamba tu, haziigusi besi hata kidogo, na zinashika moto upesi, mimi sizishauri.

Hatua ya 2: Tafuta mahali pa kiti na pa spika

Hapa ndipo unapostahili kutumia siku nzima, hata mbili. Katika joto la nyuzi 28, sauti husafiri takriban mita 348 kwa sekunde. Ukigawanya 348 kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili, unapata mtetemo wa chini kabisa ambao chumba hicho hupenda kuukuza kwa upande wa urefu. Kwa chumba changu jibu ni hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na bahati mbaya uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, nao hutoa hezi 41. Nilikuwa nimeegemeza kochi ukutani, kama tulivyozoea kupanga sebule, na kila mpiga besi wa bendi ya dansi alipougusa uzi ule, chumba kilivuma kama pipa tupu. Nikalisogeza kochi hadi katikati kabisa ya chumba, na noti ileile ikatoweka, kana kwamba mpigaji ameruka zamu yake. Nilizilaumu spika, nikakaribia kuziuza, ilhali hazikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kiti kisikae ukutani wala katikati. Anza kwa kukiweka umbali wa asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma, yaani mita 1.6 kwa mfano wangu. Spika zipangwe kwenye ukuta mfupi ili zipige kuelekea urefu wa chumba, nyuso zake zikiwa sentimita 70 mbele ya ukuta huo, na ziachane mita 2.2 kutoka kitovu cha moja hadi cha nyingine. Ukipima kwa tepu utaona kwamba kutoka kila spika hadi kichwani kwako nako ni mita 2.2, pembetatu yenye pande sawa. Stendi ziwe na kimo cha kuifikisha twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Wateja wengi huuliza kuhusu sabufa, spika ya ziada ya besi nzito, hapohapo. Jibu langu ni kwamba sabufa iliyosukumwa kwenye kona kabla mpango huu haujakamilika huongeza tu mvumo wa pipa.

Hatua ya 3: Unganisha nyaya

Zima amplifaya kwanza. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, unaouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya umeme, unatosha kabisa kwa umbali wa mita 6, na sioni sababu ya kununua waya wa bei ya pikipiki. Nyuzi zake zisokotwe vizuri, usibaki hata unywele mmoja unaogusa upande wa pili. Nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi katika spika zote mbili. Ikiwa rangi za waya zimefifia, chomoa spika kwenye amplifaya, kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya zake mara moja tu: wufa, ile spika kubwa ya besi, ikisogea nje, ncha chanya ya betri iko upande wa nyekundu. Spika moja ikifungwa kinyume, besi hupungua na sauti ya mwimbaji hutawanyika, usijue amesimama wapi.

Hatua ya 4: Umeme

Vyombo vyote vichukue umeme kwenye soketi moja, mbali na friji. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma hata muziki ukizimwa, chomoa nyaya za chanzo kimoja baada ya kingine hadi umpate mkosaji. Usikate kamwe waya wa ethi, ule wa kukukinga na shoti, ili kuunyamazisha.

Hatua ya 5: Sikiliza na usogeze

Chagua rekodi ya taarabu yenye sauti moja mbele na fidla nyuma yake. Mwimbaji asikike katikati, pasipo na spika yoyote. Akivutwa upande mmoja, geuza spika kidogo zikutazame, au zisogeze sentimita 5 kwa wakati mmoja. Kisha mwombe mwenzako ateleze kioo kwenye ukuta wa pembeni huku wewe umeketi. Pale unapoiona twita ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga kwanza, na ndipo pa kutundika pazia zito au fremu iliyojazwa sufi. Ukiridhika, bandika vipande vya utepe sakafuni kwenye kila mguu wa stendi, kwa sababu atakayedeki chumba kesho atazisogeza zote.