Somo: Kujenga tochi ya LED yenye nguvu kwa seli moja ya 18650

Anayeanza kujenga tochi zake mwenyewe kwa kawaida hutaka kwanza kujua emita ipi (kile kipande cha LED kinachotoa mwanga) inatoa mwanga mwingi kuliko zote. Kwa maoni yangu, swali linalostahili kutangulia ni joto litapita wapi. Emita nyeupe, hata ikiwa bora, hugeuza theluthi moja hivi ya umeme inaopewa kuwa mwanga, na kinachobaki chote ni joto linalozaliwa kwenye eneo dogo kuliko ukucha. Balbu ya zamani ya waya ilitupa joto lake mbele pamoja na mwanga. LED hulitoa kwa nyuma, kwa kugusana tu na kilicho nyuma yake, na joto hilo lisipopata njia huigeukia emita yenyewe.

Tochi ya somo hili inatumia seli moja ya litiamu ya 18650 (kipenyo cha milimita 18, urefu wa milimita 65), emita moja ya Cree XM-L2, na draiva (bodi ndogo inayodhibiti mkondo unaokwenda kwenye emita) ya milimita 17 yenye chipu nane za AMC7135. Kila chipu hupitisha miliampea 350, kwa hiyo nane kwa pamoja hutoa ampea 2.8, chini kidogo ya ampea 3 ambazo mtengenezaji ameiwekea emita hiyo kuwa kikomo. Kwa volti 3.2 hivi kwenye emita, tunapata wati 9, na kati ya hizo wati 6 ni joto la kuondolewa. Seli ya miliampea-saa 3000 itaiwasha kwa nguvu zote kwa muda unaozidi saa moja kidogo.

Utahitaji chuma cha kulehemu chenye ncha pana, lehemu, multimita, msasa laini, grisi ya kupitisha joto, kibanio chembamba, utepe usiopitisha umeme na kuvumilia joto, na miwani ya kukinga macho.

Hatua ya 1: Kuchagua mwili wa tochi

Fungua kichwa cha tochi na ukitazame kikombe cha ndani ambacho emita hukalia. Katika tochi nyingi za bei rahisi kikombe hiki ni kitupu, na emita imeegemea ukingo mwembamba tu. Tochi ya namna hiyo iache, au ujaze uwazi huo kwa kipande cha shaba kilichochongwa kikatoshea barabara. Unachokitaka ni kikombe kizito kinachoingia mwilini kwa hesi nyingi, kwa kuwa joto hutoka kwenye emita, likapita kikombe, kisha hesi, kisha mwili, na mwishowe hewa na mkono wako. Kumbuka pia kwamba rangi ngumu iliyopakwa juu ya alumini haipitishi umeme. Pale ambapo mwili unatumika kama waya wa hasi, hesi na kingo zinazogusana lazima ziwe alumini tupu.

Hatua ya 2: Kuilehemu emita kwenye kibao cha shaba

Nunua kibao cha shaba ambacho sehemu ya katikati ya emita inagusa shaba yenyewe bila utando wa kuhami kati yake. Shaba hupitisha joto karibu mara mbili ya alumini, lakini faida kubwa hapa ni kukosekana kwa utando huo. Jambo hili linawezekana kwa sababu sehemu ya katikati ya XM-L2 haina umeme, si chanya wala hasi.

Paka lehemu kidogo sana kwenye sehemu zote tatu za kibao, weka emita juu yake ukiwa umehakikisha chanya na hasi ziko mahali pake, kisha pasha kibao joto kutoka chini kwa bamba la moto. Lehemu ya bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi, na ikiyeyuka utaiona emita ikijivuta yenyewe hadi katikati. Igonge taratibu ubavuni kwa kibanio ili lehemu iliyozidi itoke pembeni. Usiiguse kuba yake ya silikoni, kwa sababu ni laini na waya zilizo chini yake ni nyembamba mno. Ondoa kibao motoni mara moja.

Hatua ya 3: Kukalisha kibao kwenye kikombe

Lainisha uso wa kikombe na mgongo wa kibao kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, ili usitengeneze kilima katikati. Grisi iwe nyembamba kiasi cha kuonyesha rangi ya chuma, kwani kazi yake ni kujaza mikwaruzo tu, na wanaoipaka kama siagi huwa wanaongeza kizuizi. Kaza kibao kwa skrubu, au kwa shinikizo la kiakisi (kikombe king'aavu kinachozunguka emita na kuelekeza mwanga mbele).

Hatua ya 4: Draiva na waya

Katika draiva hii, springi ya katikati hupokea chanya cha seli, na duara la shaba ukingoni hugusa mwili, yaani hasi. Waya mwekundu na mweusi hutoka humo kwenda kwenye emita. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa mwili ni hasi, hasi ya emita ikigusa mwili haitadhuru chochote. Chipu za 7135 hukaa upande wa hasi, kati ya emita na mwili; hasi ya emita ikigusa kikombe, umeme utazipita pembeni, na emita itapokea kila kitu ambacho seli inaweza kutoa. Dalili yake ni tochi inayowaka kwa nguvu moja tu hata ukibadilisha ngazi za mwanga. Chanya ikigusa kikombe, hiyo ni shoti kamili ya seli.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka seli, pima kwa multimita, ukiiweka kwenye kipimo cha mlio, kati ya kila waya wa emita na kikombe. Multimita haipaswi kulia kwa waya wowote. Kisha lehemu ukingo wa draiva kwenye kikombe sehemu mbili au tatu.

Hatua ya 5: Springi

Springi ya chuma ni waya mrefu uliojikunja, na ukinzani wake huonekana mkondo unapokuwa mkubwa. Ohmu 0.05 kwenye ampea 2.8 hupoteza volti 0.14, jambo la kuvumilika. Kwenye ampea 10 hupoteza nusu ya volti na kugeuza wati 5 kuwa joto ndani ya springi, ambayo hulegea na kulala chini. Lehemu waya mfupi wa silikoni kutoka kitako hadi kilele cha springi, upite ndani yake, ukiuachia ulegevu ili springi iendelee kubonyea.

Hatua ya 6: Kiakisi

Weka utepe wa kuhami juu ya vituta vya lehemu kwenye kibao. Tochi yangu ya kwanza niliifunga bila utepe huo. Kiakisi cha alumini kilikaa juu ya lehemu zote mbili, na springi ya nyuma ikaungua kabla sijafahamu moshi unatoka wapi. Kiakisi laini kama kioo hutupa mwanga mbali. Chenye vidutu kama ganda la chungwa husawazisha doa la katikati. Emita ichungulie katikati kabisa ya tundu, kwa maana ikizama au ikipanda kwa nusu milimita utaona duara jeusi ndani ya mwale.

Hatua ya 7: Jaribio la kwanza

Tumia seli iliyo nusu tupu, yenye volti 3.6 hivi, na uanze na ngazi ya chini. Iache ngazi ya juu kwa dakika tano huku umeishika mkononi. Mwili kupata moto haraka ni habari njema: joto linatoka. Mwili uliobaki baridi wakati mwanga unafifia ndio wa kutiliwa shaka.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu fundi, shikamoo. Tochi yangu inawaka vizuri, lakini baada ya dakika moja mwanga unapungua. Nitajuaje kama tatizo ni joto au ni betri?

Jibu: Marahaba. Fungua kifuniko cha nyuma na upime mkondo kati ya kitako cha seli na ukingo wa mwili, mara tu unapoiwasha na tena baada ya dakika moja. Mkondo ukiwa uleule na mwanga umeshuka, emita inapikika. Rudi hatua ya 2 na ya 3. Mkondo ukiwa umeshuka, angalia seli, springi na hesi. Tumia waya fupi na nene za kupimia, kwa maana zile nyembamba zina ukinzani wa kutosha kukudanganya.

Swali: Je, naweza kuweka seli mbili mfululizo kwenye draiva hii ili nipate mwanga zaidi?

Jibu: Hapana. Chipu ya 7135 imetengenezwa kwa volti zisizozidi 6, na seli mbili zilizojaa zina 8.4. Isitoshe, hata ingevumilia, mkondo ungebaki ampea 2.8 zilezile na ziada yote ingekuwa joto kwenye draiva. Emita ya volti 6, kama XHP50, inahitaji draiva ya aina nyingine. Ukifika huko, seli ziwe pacha za umri mmoja, zikiwa na chaji sawa, kwani iliyo dhaifu ikiisha mapema huendelea kusukumwa na mwenzake hadi inakuwa hatari.

Swali: Naomba kujua kama seli zilizotolewa kwenye betri ya kompyuta ya zamani zinafaa.

Jibu: Kwa ngazi za chini pengine, lakini sikushauri. Huijui historia yake, na nyingi hazikuundwa kutoa mkondo mkubwa. Seli yoyote uliyoikuta chini ya volti 2.5 usiichaji tena.

Swali: Nitapimaje mwanga wa tochi bila vifaa vya gharama?

Jibu: Lumeni (jumla ya mwanga wote) ni vigumu kuzipima nyumbani, lakini kandela (ukali wa mwale) zinawezekana. Chukua kipima-laksi (kifaa cha kupima mwanga unaoangukia mahali), elekeza kitovu cha mwale kutoka mita 5, na zidisha laksi kwa 25. Umbali wa kutupa mwanga, kwa kipimo kinachotumika na watengenezaji, ni pale mwanga unapobaki laksi 0.25, karibu na mbalamwezi: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisha kwa 2. Laksi 400 kwa mita 5 ni kandela 10,000, yaani mita 200. Ili ufike mita 400 utahitaji kandela 40,000, na hizo utazipata kwa kiakisi kipana zaidi kabla ya kuongeza ampea.